Sauti ya Nibia Kwenye Kamati ya Bajeti

Bi Zulma Larrosa, mjane wa mtaa wa La Teja mjini Montevideo, alikuwa na ugomvi mmoja na bintiye Nibia uliodumu miaka tisa. Kila Jumuiya ya Bandari, umoja wa nchi kadhaa, ilipokutana, Bi Zulma alimwita jirani amfungulie kompyuta, akavuta kiti, akasikiliza kikao chote kikirushwa moja kwa moja. Bandari hazikumhusu hata kidogo. Alichotaka ni sauti ya bintiye, mkalimani wa huko, ambayo hutoka mara mojamoja katikati ya sauti za mabwana wakubwa. Jioni Nibia akifika, amechoka, hata viatu hajavua, alikuta kikao cha pili kinamsubiri jikoni.

"Leo umewasema vibaya watu wa hazina."

"Si mimi, mama. Ni mjumbe wa Haiti. Mimi nageuza tu maneno yake."

"Umesema 'nimechoshwa na ahadi zenu'. Nimekusikia kwa masikio yangu haya. Ndivyo nilivyokulea, useme hivyo mbele za watu?"

"Aliyechoshwa ni yeye, mama."

"Si aseme mwenyewe! Kwani hana mdomo?"

Ukweli ni kwamba kazi ya ukalimani ndivyo ilivyo. Mkalimani hasemi "mjumbe anasema kwamba amechoka." Anasema "nimechoka", basi. Na kwa kuwa mle ukumbini mtu wa Kifaransa alikuwa mmoja tu, Bwana Prosper Exantus wa Haiti, mzee mwenye suti ya kijivu na hasira za taratibu, kila Nibia alipotamka "mimi" kwa Kihispania kazini kwake, alikuwa ni Bwana Exantus. Alishalalamikia gati bovu la Bwana Exantus, akaomba radhi kwa michango iliyochelewa ya Bwana Exantus, na mwaka fulani alitoa rambirambi zake mpaka sauti ikamkatika. Mama yake alilia siku ile, na alipoambiwa marehemu ni nani, hakumjua.

Kibanda chao kilikuwa nyuma ya ukumbi, sanduku la kioo lenye viti viwili, bila dirisha la nje, na kiyoyozi kilichopuliza miguuni tu. Ndani yake Nibia alikaa na Wáshington Bentancor, mkongwe aliyeajiriwa kabla yake, wakipokezana kipaza sauti kila nusu saa. Wáshington, kama nusu ya mji ule, hakutoka nyumbani bila chupa ya maji ya moto kwapani na kibuyu cha yerba, yale majani yao machungu ya chai, mkononi. Yeye na Nibia walinyonya kwa mrija mmoja miaka yote hiyo. Kuna ndoa nyingi zenye ukaribu mdogo kuliko ule.

Mwaka huo nchi tatu zenye michango mikubwa zilikuja na neno moja: bajeti isipande hata senti. Sasa, Kamati ya Bajeti ya Jumuiya haipigi kura. Kila mjumbe lazima akubali, na hakuna jambo lililokubaliwa mpaka yote yamekubaliwa, kwa hiyo kila kitu kinatiwa kapu moja. Huyu anatia mafunzo ya marubani wa meli, yule anatoa gari la mkurugenzi, mwingine anashikilia safari za ndege mpaka apewe kitu. Hotuba husomwa ukumbini, kwa adabu na mbele ya kamera. Maamuzi yenyewe hufanyika kwenye chumba kidogo cha pembeni, ambako wakalimani hawaingii na Bwana Exantus hujikokota na Kihispania chake cha sokoni. Halafu wanarudi ukumbini kuyatamka waliyoyamaliza. Na humo kapuni hakuna watu. Kuna nafasi za kazi, na kila nafasi ina namba.

Siku ya Jumatatu ofisa wa fedha alisoma mapendekezo ya kubana matumizi, na Nibia akayageuza kwa Kifaransa bila kupepesa macho: kibanda cha Kifaransa kibaki na mkalimani mmoja wa kudumu, mwingine awe anakodiwa kwa siku, na nafasi namba mia moja na kumi na saba ifutwe kuanzia mwaka mpya. Alipozima kipaza sauti, Wáshington aliuliza huku akijaza kibuyu, "Mia na kumi na saba ndiyo nani?"

"Ndiyo mimi."

Wáshington alimimina maji mpaka yakafurika mezani.

Nibia alikuwa na miaka arobaini na nane, na Kifaransa mjini Montevideo hakimpi mtu mkate. Alijua shule zote za lugha, alijua nani alipunguzwa wapi. Mshahara ule ndio uliomtunza yeye na mama yake. Usiku alipiga hesabu kichwani, akaacha, kwa sababu jibu lilikuwa lilelile.

Lakini kwenye kamati isiyopiga kura, mpinzani mmoja anatosha. Siku ya pili Bwana Exantus alimkuta kwenye korido, akamsogeza pembeni.

"Bibi, hili silikubali. Huyo wa kukodiwa atajua nini kuhusu gati langu? Bila wewe mimi ni kiziwi humu ndani."

"Mheshimiwa, mimi siruhusiwi hata kukuomba."

"Umeniomba? Sijasikia mtu akiniomba kitu."

Jumatano mzee akashika kipaza sauti, na zamu ilikuwa ya Nibia. Bwana Exantus alisema kwa Kifaransa, naye akasema kwa Kihispania, kwa sauti iliyonyooka, "Napinga. Sitakubali nafasi hii ifutwe. Nimefanya kazi na watu wa kibanda hiki miaka mingi, na heshima ina bei yake." Hakuongeza neno. Ila hata yeye alisikia kwamba hajawahi kumgeuza mtu vizuri namna ile.

Jioni alipofungua mlango, nyumba ilinuka mafuta ya moto. Bi Zulma alikuwa amekaanga maandazi yale bapa ambayo kwa kawaida huyapika mvua ikinyesha tu, na siku hiyo jua lilikuwa kali.

"Leo ndiyo umesema!" alipiga kelele. "Umejitetea kama mtu! 'Heshima ina bei yake'! Nimemwambia jirani, unamsikia huyo? Nimemzaa mimi huyo."

Nibia alifungua mdomo. Kisha akachukua andazi, akalila. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakumsahihisha mama yake, na usingizi wa usiku ule ulikuwa mtamu.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Tangu asubuhi wajumbe walijifungia kwenye chumba kidogo, na wakalimani wakabaki ndani ya kioo wakitazama ukumbi mtupu. Hawaruhusiwi kuondoka, kwa kuwa kikao kinaweza kuanza wakati wowote. Walikula mikate yenye nyama baridi. Joto lilizidi. Nibia alihisi kibanda kinambana, kama nguo iliyosinyaa kwa kufuliwa vibaya, akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Tulia, dada," Wáshington alisema. "Yule mzee wako ana kichwa kigumu. Hawamwezi."

Mchana ulipogeuka, mlango ulifunguliwa na wajumbe wakatoka, makoti mikononi. Bwana Exantus alikuwa na desturi ya kuinua macho kwenye kibanda na kuinamisha kichwa kabla hajaketi. Siku hiyo aliketi akitazama meza. Nibia akaelewa.

Wáshington naye aliona. Alichukua chupa yake, akasema, "Ngoja nikatafute maji ya moto."

"Sasa hivi?"

"Yameisha."

Hayakuisha. Nibia alikuwa ameinyanyua chupa ile dakika chache tu zilizopita ili aweke karatasi zake, na ilikuwa nzito. Angeweza kumwambia, shika wewe zamu hii, mara moja tu, nakuomba. Mlango wa kibanda ulikuwa umeshajifunga. Alimchukia, kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Mjumbe wa Haiti," Mwenyekiti aliita.

Bwana Exantus alianza polepole, na Nibia akamfuata nyuma kwa nusu sentensi. "Asante, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nimepokea maagizo kutoka wizarani kwangu. Mafunzo ya marubani wetu wa meli yamebaki kapuni, na nchi yangu inashukuru. Kwa hiyo, kwa moyo wa maridhiano..."

Hapo mzee alikwama. Ukumbi mzima ulisubiri. Bila Wáshington, palikuwa na mtu mmoja tu mle ndani aliyezimudu lugha zote mbili sawasawa, na mtu huyo alikuwa amewasha kipaza sauti. Angesema lolote. Wangegundua, ndiyo, baada ya dakika mbili, na angefukuzwa kwa aibu badala ya kufutwa kwa adabu. Alilifikiria. Lakini Bwana Exantus alimalizia kwa sauti iliyokaribia kuzama, maneno yakiangukiana, na kinywa cha Nibia hakikungoja ruhusa ya moyo. Kiliyapokea yale maneno yaliyovunjika, kikayapanga, kikayatoa safi kabisa:

"Naondoa pingamizi langu."

"Sioni pingamizi lingine," Mwenyekiti alisema, na nyundo ikagonga. Nibia akaigeuza kauli hiyo pia, kwa Kifaransa, ili Bwana Exantus asikie. Watu walipiga makofi, wakapongezana kwa kumaliza kabla ya giza.

Wáshington alirudi na chupa, akajaza kibuyu, akampa bila kumtazama. Nibia alikirudisha kikiwa kimejaa.

"Asante," alisema.

Kwa watu wa yerba, ukirudisha kibuyu na neno hilo, maana yake usinijazie tena. Wáshington alikipokea, akakaa nacho magotini, wala hakukinywa.

Kwenye ngazi Bwana Exantus alikuwa akimngoja. "Bibi, walinikaba. Ilikuwa marubani wangu au wewe."

"Najua, mheshimiwa."

"Na umeyasema vizuri kuliko nilivyoyasema mimi. Hilo litaniuma mpaka kufa."

Nyumbani La Teja, kompyuta ilikuwa imeshazimwa. Bi Zulma aliketi mezani, mikono kwenye aproni, hana chakula alichopika.

"Kwa nini umekubali?"

"Mama..."

"Jumatano ulikataa. Nimejisifu mtaa mzima, mpaka kwa muuza mikate. Leo wewe mwenyewe, kwa sauti yako, nzuri, bila kutetemeka, unasema unaondoa. Nani amekulazimisha?"

Nibia alilitafuta lile jibu lake la miaka yote, si mimi, mama, ni mjumbe wa Haiti. Lilikuwepo, liko tayari ulimini. Lakini Jumatano hakulitoa. Jumatano maneno yalikuwa yake na maandazi aliyala.

"Hakuna aliyenilazimisha."

"Basi Jumatatu nenda ukawaambie umebadili mawazo."

"Haiwezekani tena. Nyundo imeshagongwa."

"Na wewe ulikuwa wapi, mwanangu, mpaka wakagonga nyundo?"

"Nilikuwa naongea, mama."