Mzee Tuliyempisha Uwanjani

Mwanangu, kila ninapopanda treni, kama hii ya leo, kuna siku moja hunirudia kichwani, na kwa kuwa maisha yangu yamekuwa ya kupanda treni na meli, hunirudia mara nyingi. Nimefanya kazi Bukoba, Musoma, Kigoma, na kwingine ambako hata nyumba niliyopanga siikumbuki tena. Lakini siku hiyo naikumbuka yote, mpaka harufu ya jasho letu.

Ilikuwa muda mfupi baada ya Uhuru. Nilikuwa kijana katika chuo kidogo cha ualimu upande wa Ilemela. Chuo chetu hakikuwa na uwanja wa mpira wa kikapu. Tulikuwa na jiwe. Wewe uliyezaliwa Mwanza hutashangaa. Lilikuwa jiwe moja kubwa, bapa, tukalichora mistari kwa chokaa na kusimamisha nguzo kwenye nyufa zake. Lilikuwa na vibonde, tena liliinama kidogo kuelekea ziwani. Ukidunda mpira vibaya uliruka hovyo na kuteremka mpaka majini, na aliyeupoteza ndiye aliyeufuata kwenye matete. Basi kwa uvivu wa kuteremka tukajifunza kutodunda. Mpira wetu ulipita mkono kwa mkono, haugusi chini.

Wakati ule nchi nzima ilikuwa inajenga. Mkuu wetu wa chuo, mtu mwema lakini mwenye haraka, alitaka madarasa mapya, na macho yake yakaliangukia jiwe letu. Alitaka lipasuliwe liwe kokoto. Nahodha wetu Masanja, kijana wa Magu mrefu kama nguzo ya simu, akaenda kumwona, nasi tukamfuata nyuma.

"Mwalimu," alisema Masanja, "tunaomba kwanza twende kwenye mashindano ya vyuo Dar es Salaam. Tukirudi na kikombe, jiwe libaki."

Mkuu alicheka mpaka akavua miwani. "Kikombe? Cha chai?" Alipotuona hatucheki, akairudisha miwani usoni. "Haya. Mkirudi nacho, kokoto nitazitafuta kwingine. Mkirudi mikono mitupu, nyundo zitawasubiri stesheni."

Tukaondoka na treni, daraja la tatu, tukitafuna michembe, vile viazi vikavu ambavyo mama wa Masanja alitufungia mfuko mzima. Huko Dar es Salaam hakuna aliyetujua. Wanafunzi wa vyuo vingine walituangalia jezi zetu tulizoshonewa sokoni, kila moja na rangi yake kidogo, wakaanza.

"Hawa wamekuja kucheza au kuuza pamba?"

"Wee, wala michembe! Kikapu hicho si cha kubebea mavuno!"

Mchezo wa kwanza walicheka. Waliona timu isiyodunda mpira, wakadhani hatujui. Lakini mlinzi akimfuata Masanja, mpira umeshafika kwangu. Akinifuata mimi, umeshafika kwa mwingine, na mwingine yuko chini ya kikapu. Tulishinda. Tukashinda tena. Kufikia fainali, wale waliotuita wala michembe walikuwa wanakuja bwenini kwetu kuomba waionje. Nasi tuliwapa, tukawatazama wanavyohangaika kuitafuna.

Fainali tulikutana na chuo kimoja cha Pwani. Na hapo, mwanangu, ndipo tulipofanya kosa ambalo pengine hakuna timu nyingine ya nchi hii ambayo ingelifanya.

Miaka ile walimu wengi wa zamani walikuwa wakirudishwa vyuoni kuongeza daraja. Katika timu ya Pwani alikuwemo mmoja wao, Mwalimu Shomari, mtu wa makamo, mvi zimeanza juu ya masikio, umri wa baba yangu mdogo. Mimi ndiye niliyepangiwa kumlinda. Filimbi ikalia, akaja na mpira, kifua mbele. Nikampisha.

Sikukusudia. Miguu yenyewe ilisogea. Nimelelewa Kisesa, katika boma ambalo mtoto akikutana na mtu mzima njiani hushuka kwenye majani mpaka apite. Ningemzuiaje kwa kifua mtu wa kunizaa? Akafunga. Akaja tena, nikaukunja mkono wangu usije ukamgusa usoni. Akafunga. Masanja akaja kunisaidia. Naye alipofika karibu akapunguza mwendo kama anayepita mbele ya wageni wa baba yake. Mzee akafunga katikati yetu. Watazamaji walikuwa hoi kwa kicheko.

Wakati wa mapumziko mwalimu wetu wa michezo alitujia mbio. "Mnamwogopa?"

"Hatumwogopi, Mwalimu," nilisema. "Ila ni mtu mzima."

Akafungua kinywa anigombeze, kisha akakuna kichwa. Naye alikuwa Msukuma, malezi yale aliyajua. Nilikuwa naliona jiwe letu likipasuka vipande.

Mara tukaona mtu anavuka uwanja kuja upande wetu, taulo shingoni. Alikuwa Mwalimu Shomari mwenyewe.

"Nani kati yenu kapangiwa kunilinda?"

Nikasimama. "Mimi. Shikamoo."

"Shikamoo yako iweke kwanza. Kabila gani wewe?"

"Msukuma."

"Vizuri. Mimi Mzaramo, kwa hiyo wewe ni mtani wangu na nitakutukana bila dhambi." Wenzangu wakaguna kwa kicheko, lakini yeye hakucheka. "Nimeacha mke na watoto Kisarawe, nimekuja kulala bweni moja na vijana wanaoniita babu. Naamka kabla yao nikimbie, ili nijue kama bado nimo au nimekwisha. Nimefika fainali. Halafu wewe unanipisha kama maiti inapita!"

Nikainamisha kichwa. "Ilikuwa heshima, Mwalimu."

"Heshima gani hiyo? Kesho watu watasema Shomari alishinda kwa mvi. Kikombe hicho nitakishika kwa mkono upi? Mimi nataka kukushinda, kijana, na nitakushinda, lakini wewe simama mbele yangu! Ukinipisha tena nitakufuata mpaka huko kwenu nikakushitaki kwa baba yako, nimwambie mwanao alinidharau mbele ya watu."

Akageuka, akaondoka. Mwalimu wetu wa michezo alimtazama mpaka akafika kwao, kisha akatuambia neno moja tu: "Mmesikia."

Kipindi cha pili nilisimama. Alipokuja mara ya kwanza nikampa kifua, akaniangusha. Nikainuka. Mara ya pili nilimpokonya mpira mikononi, na moyo wangu ulishtuka kana kwamba nimemnyang'anya baba yangu tonge. Nilimwangalia usoni nikitegemea hasira. Alikuwa anang'aa! "Enhe!" aliniambia akihema. "Sasa umefika, mtani!"

Hakunihurumia, nami sikumhurumia. Alinipiga kiwiko, mwamuzi akapuliza; nikamkanyaga, mwamuzi akapuliza. Taratibu mpira wetu ukaanza kupita mkono kwa mkono kama tuko kwenye jiwe letu, na ile tofauti kubwa ikawa ndogo, mpaka tukabaki nyuma kwa pointi moja. Dakika zilikuwa zinaisha. Mzee akaushika mpira, akajifanya anakwenda kulia, akaja kushoto, akaruka. Niliruka naye. Kiganja changu kiliukuta mpira ukitoka tu mkononi mwake. Ukaenda kwa mwenzangu, kwa mwingine, kwa Masanja, bila kugusa chini, na Masanja akautia kikapuni kama mtu anayeweka yai kwenye kiota. Filimbi ikalia.

Wenzangu walibebana. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya Mwalimu Shomari, aliyekuwa ameinama, mikono kwenye magoti, akitafuta pumzi. Alikuwa ameumia kushindwa, hilo sikufichi. Akanyanyuka polepole.

"Haya, mtani. Sasa nisalimie."

Nikapiga goti moja pale pale sakafuni. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alisema, akaniwekea mkono kichwani. "Hiyo nimeisikia."

Mkuu wa chuo alitupokea stesheni Mwanza. Nyundo alikuwa nazo kweli. Alikichukua kikombe, akachungulia ndani, akasema, "Kikubwa kwa chai." Jiwe likabaki. Lakini Jumamosi iliyofuata tulizishika nyundo zile zile, tukapasua mawe mengine bondeni, maana madarasa nayo yalitakiwa.

Sasa sikia, mwanangu. Juzi tulipocheza drafti uliiona kete yangu iko wazi, ukajifanya hukuiona. Nami niliona kwamba umeiona. Ulidhani unaniheshimu. Nimesikia pia kwamba kazini kwako mkubwa wako akikosea hesabu unanyamaza, kwa kuwa ana umri wa baba yako. Usifanye hivyo. Msalimie kwa goti ukitaka, mpe kiti, mbebee mzigo wake. Lakini ikija kazi, simama mbele yake na nguvu zako zote, na umwambie kwa adabu kile unachokiona. Mtu mzima unayempisha katika kila jambo umeshamhesabu kuwa amekwisha. Na siku utakapoota mvi, usikubali kupishwa. Wafuate vijana huko waliko uwagombeze.

Mungu akupe miguu isiyosogea mahali inapotakiwa kusimama, na goti jepesi la kuwasalimia waliokutangulia. Akukutanishe na wazee watakaokugombeza kwa kukupenda. Nami anipe uzima, nikirudi kutoka safari hii nikukute, unishinde kwenye drafti kweli kweli.