Kioo cha Mama Pindo

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu pindo alilokunja yeye halikufumuka hadi nguo yenyewe ichakae. Tangu mumewe afariki alishona peke yake, akala peke yake, na kumwambia kila mteja kwamba ukimya ni dawa.

Kisha mjukuu wake akaenda shule ya bweni, akamwachia sungura.

"Bibi, nikirudi likizo nimkute mzima."

Haukupita muda sungura akagoma kula. Nyasi mbichi alizipa kisogo. Daktari wa mifugo akamkagua meno, akambonyeza tumbo.

"Hana ugonjwa, mama. Ni upweke. Sungura hawezi kukaa bila mwenzake."

"Mbona mimi nakaa, na ninakula?"

Daktari alijifanya anatafuta kalamu.

Mama Pindo akarudi dukani, akabeba kioo cha wateja na kukiegemeza mbele ya sungura. Sungura akamwona "mwenzake", akamsogelea, akala. Kumbe kazi yenyewe ndogo hivi! Tangu siku hiyo, aliyetaka kujiona na nguo mpya sharti achuchumae kando ya nyasi. Mwalimu mkuu, mtu wa kitambi, alichuchumaa na suruali mpya, ikapasuka rrraa!

"Huyu mnyama ananicheka!"

"Hakucheki, mwalimu. Anatafuna."

Lakini siku moja sungura akazunguka nyuma ya kioo kumtafuta rafiki, akakuta ubao mtupu. Akapiga mguu sakafuni, akajikunyata, akagoma tena. Mama Pindo akaona haya. Kugeuka ukakuta hakuna mtu, hilo alilijua vizuri.

Akameza kiburi, akabisha kwa jirani yake, fundi viatu, mgane mwenye mluzi usiokauka. Naye alikuwa na sungura mmoja, aliyekwisha kuhasiwa.

"Nikuazime? Huyu nisipokuwepo anatafuna viatu vya watu. Akishinda kwako, jirani, nami nashinda kwako."

Daktari akawaonya: wakiwekwa pamoja ghafla watang'atana. Watenganishwe kwa waya kwanza, wazoeane.

Basi fundi viatu akahamia na kigoda, nyundo na mluzi wake. Kioo kikarudi ukutani. Sungura wakalala ubavu kwa ubavu, waya katikati, kila mmoja akitafuna.

Mwalimu mkuu alipofuata suruali yake, akawatazama wote wanne.

"Mama Pindo, wanaozoeana hapa ni sungura, au ni nyinyi?"

Mluzi ukakatika. Mama Pindo akakata uzi kwa meno, macho chini.

"Mjukuu wangu atamkuta mzima," alisema. "Hayo mengine, mwalimu, waya bado upo."