Nywele za Kitanani

Haya ninayaandika nikijua huenda nimekosea, maana shule niliacha darasa la sita, na mtu nisiyemwelewa huanza kwa kumwogopa. Mgeni mwenyewe alikuwa bibi wa Kimarekani, mweusi kama sisi, mvi kichwa kizima, aliyepanga nyumba ya nyuma yetu hapa Bongwe, Diani. Kazi yake kuandika vitabu vya watoto. Hilo peke yake lilinitia shaka. Mtu mzima, hana mtoto ndani, na kila alasiri baraza yake imejaa watoto wa wenziwe.

Jirani yangu, yule mwenye kukaanga mahamri, hakunisaidia.

"Shoga, mjukuu wako yuko kule tena?"

"Anasomewa vitabu."

"Bure?"

"Bure."

"Cha bure kina mkia, shoga. Hapa Diani tumeona mangapi?"

Kweli tumeona. Wageni wenye peremende mkono huu na kamera mkono huu. Mjukuu wangu ana miaka minane, na mamake yuko Saudia akifanya kazi za ndani. Likimpata jambo, nitasema nini kwenye simu?

Nikaenda kukaa pale mwenyewe. Nilimpa shikamoo kwa ajili ya mvi, si kwa moyo. Akaitikia marahaba sawasawa, nami shaka ikazidi: huyu kajifunza wapi? Akanieleza kwa Kiswahili cha polepole, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, kwamba ujanani mwao, walipokuwa wakidai haki zao, walifundishana lugha hii ndani ya ukumbi wa kanisa. Kabla ya hapo, alipokuwa msichana, maktaba ya mji wao ilikuwa ya wazungu watupu. Siku moja yeye na wenzake wakaingia, wakakaa, wakafungua vitabu. Polisi wakawabeba.

"Nililia," alisema, "kwa sababu sikumaliza ukurasa."

Na ndani ya vitabu vile, anasema, mtoto mweusi hakuwamo, ila awe mtumishi au wa kuchekwa. Ndipo akaanza kuandika vya kwake. Wachapishaji walimrudishia cha kwanza, wakamwambia hakuna atakayekinunua. Haya ni maneno yake. Mimi sikuwapo, siwezi kumwapia. Lakini pia siwezi kusema amedanganya, kwani vitabu vilikuwa pale mezani, na watoto wa humo walikuwa na nywele kama za mjukuu wangu.

Nikaanza kulegea. Halafu Ijumaa mtoto akarudi amesukwa. Mtindo wa twende kilioni, mistari imenyooka, kazi ya mtu ajuaye.

"Nani kakusuka?"

"Bibi wa vitabu."

"Na nywele zilizobaki kwenye kitana ziko wapi?"

Akasema hajui.

Kwetu mtoto akisukwa nje, hurudi na nywele zake. Zile zinazong'oka hukusanywa, akapewa mamake au bibi yake azifukie, zisije zikaangukia mkononi mwa mwenye nia mbaya. Hata wasusi wa Ukunda, wale vijana wa kusema Sheng, ukiwakumbusha wanakufungia kwenye karatasi. Sisemi uchawi unafanya kazi. Sisemi haufanyi.

Jirani alisikia yote kutoka ng'ambo ya ua. "Umeuona mkia sasa? Tumwite mzee wa mtaa."

"Ngoja nimuulize mwenyewe kwanza. Mtu hahukumiwi hajasikizwa."

"Haya, nenda ukasikize. Ukirudi umegeuka paka, usije kwangu kuomba samaki."

Nilimkuta akifagia baraza. Nikamwambia nimefuata nywele za mtoto. Uso ukambadilika, nami nikasema moyoni: ndiye.

"Nimezichoma," akasema.

"Umezichoma? Kwa ruhusa ya nani?"

Akaweka ufagio chini. Akasema bibi yake, aliyemlea, hakuacha unywele mmoja kwenye kitana. Ndege akiuokota akajengea kiota, kichwa kitakuuma mpaka ufe. Na mtu mbaya akiuokota...

"Ninyi mnafanyaje?" akauliza.

"Tunazifukia. Mwenyewe ndiye anayezifukia."

"Basi nimekosea. Nisamehe, dada. Nilidhani ninamkinga."

Akanionyesha jivu kwenye kifuniko cha kopo. Jivu ni jivu. Nikalinusa, lilikuwa na harufu ya nywele. Lakini ndizo zote? Nikamuuliza hivyo hivyo, bila haya.

"Sina namna ya kukuthibitishia," akasema.

Angeapa, ningeondoka, na mtoto asingerudi pale tena. Hakuapa. Nikamwambia mtoto atasukwa nyumbani tu, akakubali. Kisha akajipapasa kichwa, akasema tangu afike hajapata mtu wa kumsuka yeye.

Sijui kwa nini nilikubali. Labda nilitaka kumtazama kwa karibu. Akakaa mkekani, nikakibana kichwa chake kati ya magoti yangu, jirani akichungulia. Nywele zake zilikuwa nyepesi kama sufi. Nilipomaliza nikafuta kitana, na kwa mazoea nikazifumba mvi zile kiganjani, huku nikitafuta pa kuzifukia.

"Zangu," akasema, akanyoosha mkono.

Hakucheka. Nikampa. Akanishika vidole akavikagua kimoja kimoja, akaona unywele umenasa kwenye pete yangu, akauchomoa mwenyewe.

Jirani alinisubiri njiani. "Amesemaje?"

"Anaogopa."

"Anamwogopa nani?"

"Mimi."

Alicheka mpaka leso ikamdondoka. Mimi sikucheka. Katika yote aliyoniambia na kunifanyia mgeni yule, lile la kunikagua vidole ndilo nililoliamini.

Jumatatu mtoto alipotoka shule nilimwacha aende. Nikamfuata na ukili wangu wa mkeka, nikakaa kizingitini nikisuka. Bibi akanisogezea kiti ndani, karibu na watoto. Nikamshukuru, nikabaki pale pale. Kizingitini unaona ndani na nje.