Fleti ya Magari Manane

Jumanne nilipanga foleni ofisi ya ujenzi, Kitui, nyuma ya mwalimu mstaafu aliyetaka kujenga fleti. Karani aligongagonga ramani yake kwa kalamu.

"Mwalimu, hapa chini toa nyumba mbili, weka parking ya magari manane."

"Aiya! Wapangaji wangu ni manesi. Wanatembea kwa miguu."

"Sheria ndiyo hiyo."

Mwalimu akazikata zile nyumba mbili kwenye ramani. "Basi zilizobaki zitapanda kodi."

Karani akapiga muhuri, kisha akainama na kunong'ona. "Ukimaliza, niwekee moja. Nimetafuta nyumba mji huu mpaka nimechoka."

"Uko na gari?" mwalimu akauliza kwa sauti.

"Sina."

"Pole. Nafasi yako umeshapatia magari."

Foleni nzima tulicheka. Karani akaita anayefuata, bila kuinua macho.