Haji hakuwa mzembe, na aliyefungua kitambaa anajijua

Akili yangu bado inakataa, jamani. Ijumaa nimesali bega kwa bega na Haji, Jumamosi nimebeba jeneza lake.

Kwa msiomjua: Haji alikuwa dereva mwenzangu wa foklifti ghalani kwetu Malindi, hapa Unguja. Tumekua pamoja Bububu, tumesoma Kurani pamoja.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine alitandika boksi, akalala chali, akachungulia chini. Akiona unyevu anagusa kwa kidole, ananusa. "Haya mafuta ya injini. Haya ya haidroliki. Haya ya breki, leo hapandi mtu!" Tukimcheka na kumwita Daktari.

Siku ya harusi yangu gari limeshapambwa, mimi nimeshakaa ndani na joho langu, yeye kainama na kanzu yake nyeupe. "Teremka, bwana harusi. Linavuja." Shangazi zangu walimsema mpaka wakachoka. Gari tulibadilisha.

Ghalani tuna desturi yetu. Mashine mbovu inafungwa kitambaa chekundu kwenye usukani, na wa kukifungua ni fundi tu, akishatengeneza. Ukikuta hakipo, unapanda bila wasiwasi.

Ijumaa asubuhi Haji alikuta mafuta ya breki yamechuruzika karibu na gurudumu. Akafunga kitambaa, akamwambia supavaiza. Supavaiza akanuna, maana malori yalishapanga foleni nje.

Tukaenda kusali. Tuliporudi, kitambaa hakipo.

Haji akauliza, "Fundi keshakuja?"

Supavaiza akajibu, "Keshakuja, keshamaliza. Panda, malori yanangoja."

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nimesikia kwa masikio yangu haya.

Haji akainama kama kawaida yake. Pakavu! Si pameshafutwa, na mafuta yameongezwa juu ili yaonekane kamili? Akapanda. Kwenye mteremko wa kupakilia, na mzigo wa saruji mbele, breki hazikushika. Foklifti ilipinduka naye.

Makaburini fundi alinivuta pembeni. "Mie Ijumaa sikuja. Nlikuwa Nungwi kutwa. Nani kasema nlikuja?"

Sasa wewe supavaiza, najua unasoma hapa. Ulikuja msibani na kofia yako ya viua, ile ya kudariziwa, ukamwambia Bi Zuhura kuwa mwanawe "alifanya uzembe kidogo, lakini ndiyo kadari ya Mungu." Kwenye ripoti pia umeandika uzembe wa dereva. Haji mzembe? Haji huyu? Usimsingizie Mungu, kitambaa umekifungua kwa mkono wako.

Na ile post yako ya "tumepoteza jembe" ifute.

Sikukupiga kwa sababu watu walinishika, Wallahi. Lakini jana mimi na fundi tulikwenda kwa wakaguzi wa usalama kazini, tukaeleza kila kitu na kutia saini. Madereva wenzangu nao wamesema hawapandi mashine yoyote wewe ukiwa zamu.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Bi Zuhura, nikamweleza yote. Akauliza unakaa wapi. Nimemwelekeza mpaka mlangoni kwako.

Nakuombea umri mrefu na afya njema. Nataka uisikie kesi hii mpaka neno la mwisho.

Haji, ndugu yangu, mama yako sasa anajua ukweli. Mungu akulaze pema. Pumzika wewe, sisi huku bado tuna kazi na supavaiza.