Kadi Aliyoahidiwa Nyangi kwa Simu

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Nyangi Nchagwa anavaa visikizio, anavuta kiti karibu na ubao wa simu katika posta ya Homa Bay na kuupangusa vumbi kwa kitambaa. Mbele yake kuna matundu arobaini na sita, moja kwa kila mwenye simu mjini, na mengine machache ya laini za nje. Juu ya kila tundu kuna kijibamba cha chuma. Simu ikiita, kijibamba kinaanguka.

Cha hospitali ndicho kinachotangulia leo.

"Homa Bay. Namba tafadhali."

Anachomeka waya, anapiga kengele, anasubiri upande wa pili uitike, kisha anajitoa. Sheria ya kazi haimruhusu kusikiliza.

Kufikia saa sita mchana atakuwa ameunganisha watu zaidi ya mia moja. Wafanyabiashara wa pamba, mapadri, makarani wa wilaya, mama anayetaka kujua kama mwanawe aliyelazwa ameanza kula.

"Wote wanaongea," asema Nyangi, "lakini hakuna anayeongea na mimi. Kwao mimi ni sehemu ya chombo."

Nyangi ana umri wa miaka ishirini na tisa. Ni Mkuria wa upande wa Isebania, na ni mmoja wa wasichana wachache wa kijiji chao waliomaliza shule ya misheni. Aliletwa hapa mwaka 1964, baada ya mafunzo ya miezi sita Nairobi. Hajaolewa, jambo ambalo akienda nyumbani huulizwa kabla hata hajapewa kiti.

Homa Bay ni mji wa Waluo. Yeye alifika na Kikuria chake, Kiswahili na Kiingereza cha shule. Sasa anaweza kuamkia watu kwa Kijaluo, "oyawore", kila asubuhi na kupatana bei ya samaki sokoni, lakini hajafika mbali zaidi ya hapo.

"Mizaha inanipita," asema. "Watu wakicheka, mimi nacheka baadaye, wakishanyamaza."

Anakaa chumba kimoja nyuma ya soko. Kwa mwezi hupata shilingi mia mbili na sabini, na mia moja kati ya hizo humpelekea baba yake, Mzee Nchagwa, ambaye mguu wake mmoja haumbebi tena shambani. Jioni Nyangi hupika, hula, huosha sahani moja, na hapo siku inakuwa imekwisha.

Kwa muda mrefu amekuwa akitamani redio. Anasema alitaka kitu kinachoongea ndani ya nyumba, hata kama hakiongei na yeye.

Alhamisi moja ya mwezi Februari mwaka huu wa 1968, saa nne asubuhi, kijibamba cha Migori kilianguka.

"Homa Bay. Namba tafadhali."

"Sitaki namba," sauti ya mwanamume ilisema. "Nakutaka wewe, Dada Nyangi."

Nyangi anakumbuka kwamba mkono wake ulibaki hewani na waya. Kwa miaka minne hakuna aliyekuwa amepiga simu ile kumtafuta yeye.

Mtu huyo alisema anaitwa Javan, wakala wa kampuni inayotoa kadi ya mkopo kwa wafanyakazi wa mshahara. Kadi yenyewe ni ndogo, inaingia kwenye pochi. Unaingia dukani, unaionyesha, unabeba unachotaka, na kampuni inamlipa mwenye duka. Wewe utailipa kampuni kidogo kidogo.

"Si kila mtu anapewa," Javan alimwambia. "Tunachagua watu waaminifu."

Baada ya siku mbili barua ilifika, imepigwa taipu, jina lake limeandikwa kamili juu. Ilikuwa na orodha ya maduka yanayokubali kadi, likiwemo duka moja la redio papo hapo Homa Bay. Ilikuwa pia na anwani ya tawi la Migori, simu namba kumi na saba. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, iliomba shilingi sitini za dhamana, zitumwe kwa manioda, hati ya fedha ya posta, kabla mwezi wa Machi haujaisha.

Nyangi aliisoma mara nyingi. Anakiri kwamba hakuwa akisoma habari za mkopo. Alikuwa akiangalia jina lake.

Javan akawa anapiga kila Alhamisi. Hakuwa na haraka ya kutaja fedha. Aliuliza kama amekula, kama mvua imenyesha, kama ule mguu wa mzee una nafuu.

"Nilimtajia mguu wa baba mara moja tu," asema Nyangi. "Wiki iliyofuata akauliza. Hapa mjini hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari ya mguu wa baba."

Hata hivyo, Nyangi si mtu wa kutoa shilingi sitini kwa sauti tu. Jumamosi moja alikwenda kwenye lile duka la redio, barua mkononi. Mwenye duka alivaa miwani na kuisoma hadi mwisho.

"Jina la duka ni langu," alisema. "Lakini huyu mtu simjui, na kadi hii sijawahi kuiona. Nani atanilipa mimi?"

Jumatatu Nyangi alifanya jambo la pili. Alipokuwa akimuunganisha mteja wa Migori, alimzuia opereta wa huko kidogo. Opereta huyo ni Mokeira, Mkisii, mgeni Migori kama yeye alivyo mgeni Homa Bay. Tangu mwanzo walikuwa wakiitana kwa majina ya miji yao tu.

"Migori, samahani. Namba kumi na saba ni ya nani?"

"Kumi na saba? Hiyo ni ya kinu cha mahindi, dada."

"Hakuna ofisi hapo? Kampuni?"

"Ofisi gani! Kuna mtu amekodi kona kwa mwenye kinu. Kila Alhamisi anapiga simu mpaka mkono wangu unachoka. Rongo, Oyugis, Kendu, kwako. Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu," Nyangi alijibu, akajitoa.

Kuanzia siku hiyo alijua. Manioda hakutuma. Lakini Alhamisi ilipofika alimjibu Javan, akamwambia amekula, na mvua imenyesha. Alhamisi iliyofuata pia.

Hapa Nyangi anainamisha kichwa. "Nilikwisha jua kwamba ni mwongo. Nilijiambia, basi, mimi simpi kitu, anapoteza dakika zake mwenyewe. Ukweli ni kwamba sikutaka siku hiyo iwe kimya."

Alhamisi ya tatu, muda mfupi kabla ya saa nne, alitoka kwenda kunywa maji akapita karibu na kaunta ya posta. Elijah, dresa anayefunga vidonda hospitalini, alikuwa amesimama pale akijaza fomu ya manioda. Nyangi aliona anwani. Migori. Shilingi sitini.

"Bwana Elijah," alisema, "usitume hizo."

Elijah aligeuka. "Kwa nini?"

"Ni kona kwenye kinu cha mahindi. Kampuni hakuna. Nimeuliza mwenye duka, nimeuliza Migori."

"Ulijua lini?"

"Wiki mbili sasa."

Elijah aliitazama fomu. Mkewe alifariki mwaka jana na kumwachia mtoto mdogo, na mjini kila mtu anajua. Akasema kwa sauti ya chini, "Javan huniuliza habari za mtoto wangu. Kwa jina lake."

"Na mimi huniuliza habari za baba."

Elijah aliikunja fomu, akaitia mfukoni na kuondoka bila kuaga. Nyangi alirudi kwenye ubao. Kijibamba cha Migori kilikuwa tayari kimeanguka.

"Dada Nyangi, umeamkaje?"

"Bwana Javan, mwenye duka hakujui. Kinu ninakijua. Sitatuma, na wanaoniuliza nitawaambia wasitume."

Alitegemea matusi. Alitegemea hata uongo mwingine. Upande wa pili palikuwa na mngurumo wa mashine tu, kisha laini ikakatika.

Siku hiyo hiyo alimweleza mkuu wake, Bwana Walter, naye akawajulisha polisi. Walipofika kwenye kinu, kona ilikuwa tupu. Walimu kumi na mmoja wa upande wa Uriri walikuwa wamekwisha tuma fedha zao. Watatu kati yao walizituma katika zile wiki mbili Nyangi alipokuwa amenyamaza. Kwa hilo hakuna aliyemlaumu. Analitaja mwenyewe.

Kwa miezi miwili sasa, Alhamisi saa nne hupita kama saa nyingine yoyote. Elijah humsalimu barabarani, si zaidi. Redio bado iko dirishani mwa duka. Nyangi anaweka akiba, na anadhani ataichukua mwezi wa Novemba, kwa fedha taslimu.

Lakini anachokisubiri zaidi ni likizo ya Agosti. Wiki moja baada ya polisi kwenda kwenye kinu, Mokeira alimzuia laini ilipokuwa wazi.

"Homa Bay, kumbe wewe ndiye ulimfukuza yule mtu? Jina lako nani?"

"Nyangi."

"Mimi Mokeira. Ukienda kwenu si basi linapita hapa? Shuka, ulale kwangu siku moja. Nitapika."

"Utanijuaje, na hujaniona?"

"Wewe shuka tu, useme neno moja. Nitakujua."

Nyangi amekwisha uliza nauli. Basi la Migori huondoka saa moja asubuhi. Anasema atalala kwa Mokeira usiku mmoja, pengine miwili akiombwa, ndipo aendelee na safari ya kwenda kwa baba yake.