Dinner ya Bwana Gleni

Ndugu zangu, kuna aibu ambayo mtu akiificha inazidi kunenepa, na hii yangu imenenepa mno, maana pale Tlawi kila mtu anaisimulia anavyotaka. Basi leo naisema mwenyewe, jinsi nilivyoaibika mbele ya baba yangu, mbele ya mzee niliyekuwa namwomba binti, na mbele ya wazungu wakiwa mezani.

Wakati huo mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang yalikuwa bado na nguvu, na mimi nilikuwa karani wa stoo ya vipuri. Wakanada ndio waliokuwa wakifundisha watu kuendesha na kutengeneza mashine za kuvunia, na fundi wao mmoja, Bwana Gleni, mtu mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa hapiti stoo bila kunisalimia. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kwa hiyo stoo nzima ilijua kwamba Kiingereza kiko kwangu (aliyesahau nilimkumbusha).

Siku moja Gleni akaniambia kwamba Jumamosi yeye na mkewe watakwenda Mbulu na kulala misheni ya mjini. Nikamwambia kwetu ni Tlawi, hapo jirani tu, wapite nyumbani wale chakula. Akafurahi, akasema watakuja kwa dinner. Sasa shuleni sisi tulikariri hivi: breakfast asubuhi, lunch mchana, dinner usiku, na mwalimu alikuwa anagonga meza kwa fimbo kila mlo ukitajwa, kwa hiyo sikuwa na shaka. Ilikuwa ni kumwuliza tu watafika saa ngapi, lakini nikaona mtu wa kidato cha nne hawezi kuuliza dinner ni saa ngapi. Nikanyamaza. Yote yaliyofuata yalitoka hapo.

Na kwa kuwa kula na wazungu si jambo dogo, nikaona nilitumie. Nilikuwa nampenda msichana wa kijiji cha Daudi, Magdalena, lakini baba yake, Mzee Tluway, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa hajakubali. Alisema karani wa stoo ni mtu wa kupanga boliti, si mtu wa kuoa. Nikamtumia salamu aje Jumamosi jioni tule pamoja na wageni. Baba yangu naye akamtoa kondoo wake dume mwenye mafuta, yule aliyekataa kumchinja hata Krismasi.

Jumamosi ikafika. Saa sita mchana nilikuwa na kaptula iliyotoboka, mikono imejaa udongo na samadi mpaka viwikoni, napiga lipu ukuta wa mbele, kondoo amefungwa pale pembeni anakula majani bila wasiwasi, mara Land Rover inapanda kilima na nusu ya kijiji iko nyuma yake. Wakashuka Gleni na mkewe, wamevaa vizuri, wamebeba keki. Nikajisemea, wamekuja mapema ili waione nchi, nikaona hiyo ni heshima kubwa, nikanawa, nikawakaribisha.

Mama alipotoka kisimani akataka kuwapa viazi vya kuchemsha na maziwa. Nikamkatalia.

“Mama, usiwashibishe. Wamekuja kwa chakula cha usiku.”

Basi nikawatembeza. Tulipanda kilima, tukashuka, tukapanda kingine, tukaona ng'ombe, tukaona shamba la viazi, tukasalimia wazee wote (Gleni alikuwa amefundishwa “shikamoo”, akawa anawapa mpaka watoto). Mkewe akateleza kwenye mavi ya ng'ombe, akaanguka, na sisi sote tukasema “sorry, sorry”, kama mtu yeyote anavyompa mwenzake pole. Akatuangalia mmoja mmoja, akasema hakuna aliyemsukuma, sasa tunaomba msamaha wa nini. Hapo ningepaswa kushtuka kwamba maneno yetu hayalingani, lakini nikaendelea kuwaonyesha chemchemi.

Tuliporudi ndipo kondoo alikuwa anachunwa. Gleni akamtazama kondoo, akatazama saa yake, akamtazama mkewe. Wakakaa kwenye benchi, mikono magotini, kwa adabu sana, na mimi nikawaeleza historia ya ukoo wetu toka mwanzo.

Saa kumi na moja jioni Mzee Tluway akafika na koti lake la kanisani. Kabla sijamaliza kuwatambulisha, Gleni akasimama, akamshika baba mkono, akashukuru, kisha akaniambia kwamba inawabidi waondoke, watu wa misheni wanawangoja kwa supper na si vizuri kuchelewa.

Supper. Neno hilo halikuwemo katika milo ya mwalimu wetu. Mimi nililikuta mahali pamoja tu, katika kitabu cha ibada cha Kiingereza, na pale maana yake ni Meza ya Bwana. Papo hapo nikaelewa kila kitu, kumbe ndiyo maana hawakuomba chakula mchana kutwa, watu wamefunga. Nikawageukia waliokuwepo.

“Wageni hawawezi kula. Wanakwenda kupokea Meza ya Bwana misheni.”

Baba akavua kofia. Chungu kinachemka, harufu imejaa boma zima, na Land Rover inashuka kilima. Mzee Tluway akauliza, “Jumamosi?” Nikasema labda kwa Wakanada ndivyo ilivyo. Akafikiri, kisha akasema yeye ni mzee wa kanisa, hawezi kukaa anakula kondoo wakati Meza imeandaliwa, kwa hiyo twende wote nikamtafsirie.

Tukashuka kwa miguu, haraka. Njiani aliniuliza kama nina dhambi ambayo sijaitubu. Nikamtajia zile ndogo ndogo.

Kanisa tulilikuta limefungwa, lakini taa ilikuwa inawaka nyumba ya wageni. Mzee akabisha hodi, akaingia ameinamisha kichwa, mimi nyuma yake. Mezani walikuwa Gleni, mkewe na wenyeji wao wa misheni, na kuku wawili wa kuoka, na Gleni alikuwa anatafuna kama mtu ambaye hajala tangu alfajiri, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mzee akasimama amefumba macho, mikono ameikunja kifuani, anangoja neno. Hakuna aliyetoa neno. Mwishowe mama mwenye nyumba akaniuliza kama mzee anapenda paja au kidari.

Nikatafsiri. Mzee akafumbua macho, akanitazama. Kisha akakaa, akala paja, maana kwetu mtu hakatai chakula nyumbani kwa watu.

Gleni akanivuta barazani, akaniuliza taratibu walitukosea nini hata tukawanyima chakula. Nikamwuliza kuhusu dinner. Akasema kwao, kwa watu wa mashamba, dinner ni mchana na supper ni jioni. Nikauliza, na lunch je? Akasema lunch ni kile unacholetewa shambani ndani ya kopo kabla jua halijashuka.

Kurudi ni mlima. Mzee Tluway alitangulia mpaka karibu na nyumbani, ndipo akasimama.

“Kijana, leo nimemwinamia kuku.”

Nikasema samahani mzee.

“Binti nitakupa. Nimeona hujui kudanganya, maana mwongo angetunga kitu chenye akili zaidi. Ila siku ya harusi nisikusikie ukisema Kiingereza.”

Nyumbani tulikuta kondoo ameshaliwa na wale waliokuwa wanaifuata Land Rover. Baba alikuwa amekaa mlangoni, kofia bado iko mkononi, akaniuliza kama wageni wamepokea. Nikamwambia wamepokea, tena mzee naye amepokea, nikaenda kulala na njaa.

Tangu siku ile mtu akiniambia kwa Kiingereza kwamba atakuja kula kwangu, namtoa nje, namwonyesha mbingu, namwomba aninyooshee kidole jua litakuwa wapi. Wengine wananiona sijasoma. Sawa tu.